Jinsi ya Kugawana Mali na Madeni Katika Mapatano ya Kutengana Kabla ya Talaka

Wanandoa wengi wanaofika kwa wakili hapa Mombasa wakitaka kutengana huanza na swali la nyumba: itabaki na nani. Nimekuwa karani wa mawakili kwa miaka mingi, na mapatano ya namna hii nimeyaandika mengi kwa mkono kabla hayajapigwa chapa, kwa hiyo ningependa waanze kwingine kabisa. Waanze kwa kuulizana ni nani anayedaiwa, anadaiwa kiasi gani, na anadaiwa na nani. Nyumba mnaiona nyote wawili kila siku, lakini deni huonwa na aliyelikopa peke yake mpaka siku mdai anapobisha hodi, na mapatano yaliyogawa vyumba vizuri huvunjika siku hiyohiyo.

Mwongozo huu ni wa wanandoa ambao bado hawajapata talaka, wameshaamua kuishi mbalimbali, na wanataka kuandikiana jinsi watakavyogawana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inawaruhusu kukubaliana kutengana kwa mwaka mmoja, na mapatano hayo yakiwasilishwa mahakamani yana nguvu ya kisheria. Suala la mali lina sheria yake, nayo ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, ambayo inafaa kila mmoja wenu aielewe kabla hajashika kalamu.

Sheria inavyoyaona mambo

Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinahesabu kuwa mali ya ndoa nyumba ya familia, vyombo na samani zilizomo, na mali nyingine yoyote, iwe inahamishika au haihamishiki, iliyopatikana wakati wa ndoa na kumilikiwa na wote wawili. Kifungu cha 7 kinasema kwamba mali hiyo ni ya kila mmoja kwa kadiri ya mchango wake, na hugawanywa ndoa inapovunjwa. Mchango si fedha peke yake. Kifungu cha 2 kinataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba.

Wapo wanaoamini kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu, kwa sababu Ibara ya 45 ya Katiba inawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjwa. Mahakama ya Juu ilieleza mnamo Januari 2023 kwamba usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, na kwamba kila upande unapaswa kuonyesha mchango wake. Hata hivyo nyinyi hamko mbele ya jaji, na mkitaka nusu kwa nusu hakuna anayewazuia. Faida kubwa ya kukubaliana mapema ni kwamba mnajipangia wenyewe sehemu, badala ya mmoja kuleta mashahidi wa kueleza nani alinunua saruji na nani alibeba maji ya kuichanganyia.

Mali iliyoandikishwa kwa jina la mmoja ikiwa ilipatikana wakati wa ndoa, sheria huanza kwa kudhani kwamba anaishika kwa amana kwa niaba ya mwenzake. Ikiwa majina ni mawili, hudhani kwamba haki zao ni sawa. Dhana zote mbili zinaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo mume hana msingi wa kusema kwamba hati ina jina lake na mazungumzo yameishia hapo, na mke hana msingi wa kutarajia kwamba ndoa peke yake inatosha.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mji huu, kifungu cha 3 kinaruhusu mambo ya mali ya ndoa yaongozwe na sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka pale pande zote mbili ni Waislamu na wamekubali kusikizwa hapo. Katika fikihi kila mmoja hubaki na alichokichuma, na ndoa yenyewe haichanganyi mali. Hilo linaifanya kumbukumbu ya nani alitoa nini kuwa na uzito zaidi, wala si pungufu. Mahari iliyoahirishwa nayo ni deni la mume, na nimeona mara nyingi likisahauliwa katika mazungumzo ya masufuria na makabati. Liandikwe juu kabisa katika orodha ya madeni, kwa kiasi kilichotajwa siku ya akidi.

Orodha kabla ya mabishano

Chagueni kwanza tarehe ya kutengana na muiandike. Tarehe hiyo ndiyo ukuta: deni lililokopwa kabla yake litajadiliwa, na litakalokopwa baada yake ni la aliyelikopa. Bila ukuta huo mmoja anaweza kukopa leo na kudai kesho kwamba alikuwa akilisha familia.

Kisha leteni karatasi zote mahali pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii naiona methali hiyo ikitimia kila wiki. Zinahitajika hati za ardhi au mkataba wa ununuzi, logibuku za vyombo vya moto, taarifa za benki na za M-Pesa, kitabu cha sacco kinachoonyesha akiba, hisa na mkopo uliobaki, daftari la chama, risiti za karo, na bili za maji na stima. Kila mmoja pia apate ripoti yake ya mikopo kutoka kwa shirika la kumbukumbu za mikopo, ambayo kila Mkenya ana haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka, na abadilishane na mwenzake. Ripoti hiyo huonyesha hata mikopo midogo ya simu ambayo mtu huona haya kuitaja kwa mdomo.

Vipo vitu visivyoingia katika orodha ya kugawana. Shamba la ukoo linaloshikwa kwa amana ya kimila si mali ya ndoa, hata kama mmelima pamoja kwa miaka. Urithi wa mmoja hubaki kuwa wake, ingawa mwenzake akiwa ameuendeleza kwa fedha au kazi anaweza kudai thamani ya kile alichoongeza. Kuna pia nyumba za wakfu, hasa katika Mji wa Kale, ambazo familia hukaa ndani yake kizazi baada ya kizazi mpaka wakazisahau kuwa ni wakfu. Hizo hazigawanyiki wala haziuzwi, na anayeziweka katika mapatano anampa mwenzake kitu asichokuwa nacho.

Nyumba isiyo na ardhi

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Nairobi unapotutupa mkono. Katika Kisauni, Likoni, Majengo na mitaa mingine yetu, watu wengi wanamiliki nyumba lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, ambaye wao humlipa kodi ya ardhi. Nyumba hiyo haina hatimiliki. Kinachothibitisha umiliki ni makubaliano ya mauziano, risiti za kodi ya ardhi na jina lililo katika daftari la mwenye ardhi. Wapo wanaodhani kwamba kwa kukosa hatimiliki nyumba hiyo haiwezi kuwa mali ya ndoa. Hilo si kweli, kwani sheria inaitambua nyumba ya familia hata kama imekodiwa, na jengo lenyewe mlilijenga kwa fedha yenu.

Mambo matatu yafanyike kabla ya kuandika nyumba hiyo itakuwa ya nani. Mwenye ardhi au wakala wake aulizwe kama kuna malimbikizo ya kodi, na jibu lake lipatikane kwa maandishi. Thamani itafutwe kwa jengo peke yake, na mthamini aambiwe wazi kwamba ardhi si yenu, vinginevyo atatoa bei ya kiwanja ambacho hamwezi kukiuza. Halafu mwenye ardhi akubali kubadilisha jina katika daftari lake pindi mapatano yatakapotiwa saini. Nakumbuka mama mmoja aliyepewa nyumba kwa mapatano mazuri, yenye muhuri na mashahidi, lakini risiti ziliendelea kutoka kwa jina la mtalaka wake kwa miaka mitatu. Alipotaka kuuza, mnunuzi alizitazama zile risiti, akazikunja, akamrudishia. Ilibidi aanze kumtafuta mwanamume ambaye alikuwa ameshahamia nchi nyingine.

Kama mna ardhi yenye hati, fanyeni upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi ili mjue kama imewekwa rehani au kuna zuio. Mke au mume anayehofia kwamba mwenzake atauza wakati mazungumzo yanaendelea anaweza kuomba zuio liwekwe katika sajili, na akumbuke kwamba nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Pia, ndoa inapoendelea, mmoja hawezi kumfukuza mwenzake nyumbani bila amri ya mahakama. Watu huambiwa watoke usiku wakatoka, wakiamini kwamba kwa kuwa jina lao halimo hawana la kufanya.

Madeni, moja baada ya jingine

Kifungu cha 10 kinatoa kanuni tatu zinazofaa kufuatwa hata na wanaokubaliana wenyewe. Deni lililokopwa kabla ya ndoa kwa ajili ya mali fulani hubaki kwa aliyelikopa, ila mali hiyo ikigeuka kuwa mali ya ndoa, deni hugawanywa sawa isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Deni lililokopwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hulipwa na wote kwa usawa. Vivyo hivyo gharama za busara zilizofanywa kwa faida ya familia.

Swali la kuulizana basi si nani alitia saini, ni fedha ilienda wapi. Mkopo wa sacco ulioezeka bati ni wa wote wawili hata kama umo katika jina la mke peke yake. Mikopo ya simu iliyoishia katika kubashiri mechi ni ya aliyebashiri. Katikati yake kuna madeni magumu, kama lile la biashara ya duka lililofungwa baada ya kulisha nyumba kwa miaka minne, na katika hayo sina kanuni ya kuwapa isipokuwa kusikilizana na kutazama taarifa ya benki mwezi kwa mwezi.

Jambo ambalo ningelirudia kwa kila mteja ni hili: mapatano yenu hayamfungi mdai. Mkiandika kwamba mume atalipa mkopo ulio katika jina la mke, benki bado itamdai mke, kwa sababu benki haikuwepo mlipokubaliana. Kuna njia mbili za salama. Ya kwanza ni deni lilipwe lote kabla ya kutengana, hata kwa kuuza kitu. Ya pili ni mdai aombwe kwa barua aubadilishe mkopo uwe katika jina la anayeubeba, na akubali kwa maandishi. Zote mbili zikishindikana, andikeni kwamba aliyechukua deni atamfidia mwenzake kwa kila shilingi atakayodaiwa, na mtaje mali itakayosimama kama dhamana ya ahadi hiyo. Msiwasahau wadhamini. Katika sacco huenda shemeji au rafiki aliweka akiba yake kumdhamini mmoja wenu, naye ana haki ya kujua deni linahamia wapi.

Mfano wa hesabu

Nieleze hesabu moja kama tulivyoifanya mezani, nikiwa nimebadilisha kazi na viwango ili wenyewe wasijulikane. Mume ni dereva wa tuktuk na mke anauza viungo sokoni Kongowea. Walikuja na kopo la biskuti lililojaa risiti, nyingine zimefifia kwa chumvi ya hewa hata ikabidi tuzishike kwenye mwanga wa dirisha ili tuzisome. Tulizipanga mafungu mawili mezani, kushoto walivyonavyo, kulia wanavyodaiwa.

Nyumba isiyo na ardhi yenye vyumba sita ilithaminiwa shilingi 2,400,000. Tuktuk ilikuwa ya 280,000, samani 180,000, na akiba ya mke katika sacco 310,000. Jumla ni 3,170,000. Kulia kulikuwa na mkopo wa sacco wa bati na dari uliobaki 460,000, mkopo wa tuktuk 150,000, malimbikizo ya kodi ya ardhi 36,000, na karo ya watoto 54,000. Jumla ya madeni ni 700,000, na kilichobaki cha kugawana ni 2,470,000. Mikopo ya simu ya mume haikuingia, kwani yeye mwenyewe alikiri haikuijenga nyumba. Walikubaliana nusu kwa nusu, yaani kila mmoja 1,235,000.

Mke alibaki na watoto, kwa hiyo akachukua nyumba, samani na akiba, vyenye thamani ya 2,890,000, pamoja na deni la sacco, kodi ya ardhi na karo, ambayo ni 550,000. Mkononi mwake kukabaki 2,340,000. Mume alichukua tuktuk na mkopo wake, akabaki na 130,000. Mke alikuwa amezidisha 1,105,000, na hizo ndizo alizopaswa kumlipa mume. Hakuwa nazo. Vyumba vitatu vya nyumba hiyo vilikuwa na wapangaji wanaolipa 5,500 kila mmoja, yaani 16,500 kwa mwezi, basi wakaafikiana kwamba mume apokee kodi hiyo kwa miezi 67, ambayo inafikia 1,105,500, bila riba.

Mpaka hapo wote walikuwa wamechoka na walitaka kwenda nyumbani. Ndipo tukauliza: chumba kikikosa mpangaji kwa miezi miwili, hasara ni ya nani? Paa likivuja, nani anatengeneza? Mume akifariki kabla ya mwezi wa 67, warithi wake wataendelea kupokea? Ilichukua siku nyingine nzima kuyajibu maswali hayo matatu, na kila jibu liliandikwa. Malipo yoyote ya muda mrefu yana maswali ya aina hiyo, na ni afadhali kuulizana mkiwa bado mnaketi meza moja.

Kuandika na kulitia nguvu andiko

Andiko lenyewe litaje majina kamili na nambari za vitambulisho, tarehe na aina ya ndoa, tarehe ya kutengana, orodha nzima ya mali na madeni, na kauli ya kila mmoja kwamba hakuficha kitu. Kauli hiyo ina maana kubwa, kwa sababu mapatano yaliyopatikana kwa ulaghai, kwa shuruti au kwa kuficha jambo la msingi yanaweza kutenguliwa. Kwa kila mali andikeni nani anaichukua, lini atakabidhiwa, nani atagharamia uhamisho, na nini kitatokea tarehe ikipita. Maneno kama "watasaidiana" au "kwa wakati utakaofaa" hayafai, kwa kuwa hakuna hakimu anayeweza kuyatekeleza.

Kila mmoja awe na wakili wake, hata kama ni wa kusoma tu na kutoa ushauri wa saa moja. Mkiwa na wakili mmoja, yule atakayejuta baadaye atasema kwamba wakili alikuwa wa mwenzake. Wazee wa pande mbili wana nafasi yao, na kwa Waislamu Kurani yenyewe inaelekeza kuleta mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, lakini wasitie saini kwa niaba yenu. Baada ya saini na mashahidi, mapatano yapelekwe mahakamani yawe amri ya maafikiano. Hakimu mkuu anaweza kusikiza kesi ya mali isiyozidi thamani ya shilingi milioni 20, kwa hiyo familia nyingi hazihitaji kwenda Mahakama Kuu.

Masuala ya matunzo ya watoto yawe na sehemu yake. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 wajibu wa wazazi ni wa wote wawili, na mzazi hawezi kuuza haki ya mtoto ya kutunzwa ili apate nyumba. Nimeona "sitadai matunzo, niachie kiwanja" ikiandikwa, na ni kifungu kisichosimama.

Kuna faida ya kodi ambayo wachache huijua. Uhamisho wa mali kati ya mume na mke umesamehewa ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hailipwi mali inapohamishwa kati ya wanandoa, au kati ya waliokuwa wanandoa kama sehemu ya mapatano halisi ya kutengana au ya talaka. Kwa hiyo andiko litaje waziwazi kwamba uhamisho unatokana na mapatano hayo, na nakala iambatanishwe na fomu za uhamisho.

Tengenezeni nakala nne zenye saini asili: mbili zenu, moja ya mahakama, na moja ya kumpelekea mwenye ardhi, msajili au mdai. Katika wiki ileile nendeni sacco, benki na ofisi ya hazina ya uzeeni mkabadilishe jina la mrithi mliyemwandikisha mlipooana, kwa sababu mapatano hayabadilishi fomu hizo, na ofisi hizo hutazama jina lililo katika faili.